Mita ya Thelathini na Saba

Ngazi za jengo lile zilijengwa na mtu mwenye ugomvi na magoti ya wenzake. Inspekta alikuwa amezipanda mara mbili na kuzishuka mara mbili tangu asubuhi. Ilipofika saa saba mchana aliketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha mtambo, ghorofa ya chini, akajiapia kwamba kuanzia dakika ile ushahidi wowote ulioko juu utashuka kwa miguu yake wenyewe. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni: INATENGENEZWA. Karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka mpaka ikawa na rangi ya chai.

"Gari linakuja saa kumi, afande," alisema Sajenti.

"Najua."

"Dereva kasema hasubiri. Ana mahabusu wengine wa kuzungusha."

"Najua, Sajenti."

"Nakukumbusha tu. Maana ukikaa hivyo huwa unasinzia."

"Sisinzii. Nafikiri huku nimefumba macho."

"Na kukoroma ni sehemu ya kufikiri?"

Sajenti alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, aliyefanya kazi na Inspekta miaka tisa na kumwogopa miezi miwili tu ya mwanzo. Alikuwa na kidau cha wino kwa ajili ya alama za vidole, daftari, na njaa.

Wa kuchukuliwa na gari hilo alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri dirisha la dawa lifunguliwe. Alikuwa fundi wa mtambo, mwenye mvi na ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikakaribia kuwa nyeupe. Jengo zima lilimwita Babu Rola. Alikuwa ameuendesha mtambo ule miaka ishirini na sita. Sasa mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Profesa, alikuwa amemshitaki kwa kuharibu kazi ya maabara kwa makusudi. Fomu ilikuwa juu ya paja la Inspekta, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja wa sahihi. Akisaini, Babu Rola angelala rumande leo Alhamisi na kuendelea kulala huko hadi mahakama ikae Jumatatu. Asiposaini, alitakiwa kuandika sababu, na sababu hakuwa nayo.

"Nieleze tena," Inspekta alimwambia fundi.

"Hii ni mara ya tatu, mkubwa."

"Mimi ni mzito. Nieleze kama unamweleza mjukuu wako."

"Mjukuu wangu alielewa mara ya kwanza."

Sajenti alikohoa ndani ya ngumi yake. Babu Rola akainuka taratibu, akausogelea mtambo. Ulikuwa mrefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, na katikati yake kulikuwa na beseni la chuma lenye maji ya kijivu.

"Huku kwenye chungu kuna uji. Sio wa kunywa. Uji huo unasukumwa unatoka hapa, tunapaita mdomoni." Alionyesha mwanya mwembamba, mpana kama kiganja. "Unatoka mzito, pole pole, kama mgonjwa anayejaribu kusimama. Unaingia kwenye beseni unapoa, unakuwa utando. Kule mwisho kuna rola. Rola inavuta kwa haraka kuliko mdomo unavyotoa. Sasa ukivutwa hivyo utando unafanyaje?"

"Unarefuka."

"Mjukuu wangu naye alisema hivyo. Unarefuka na kuwa mwembamba. Sentimita moja iliyotoka hapa mdomoni, ikifika kwenye rola ni sentimita tano."

"Na haya maji?"

"Yana chembe za madini, ndogo mpaka ukiambiwa zipo unaamini tu. Ndizo zinazobeba joto. Maji yakigusana na utando yanaushika, yanakwenda nao, tabaka jembamba kama shuka juu ya mtu aliyelala. Tabaka likipasuka mahali, pale utando unapoa vibaya. Panakuwa na udhaifu. Ukivutwa, unakatika."

"Kitu gani kinalipasua?"

"Mafuta. Hata ya mkono. Chembe zinayakimbilia zinaganda juu yake, doa linabaki pale kama muhuri."

Inspekta aliitazama meza ndefu iliyokuwa ukutani. Juu yake utando wa asubuhi ulikuwa umelazwa kwa mikunjo mipana, mweupe na laini. Mtambo ulikuwa umewashwa saa nne kamili. Rola ilikuwa imekusanya mita moja kila dakika, bila haraka, hadi mita ya thelathini na saba ulipokatika. Na pale ulipokatika palikuwa na doa la kijivu, jembamba, lenye urefu wa sentimita kumi na tano, na ndani yake mistari ya kidole cha mtu.

*

Profesa aliingia bila kubisha. Alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka lina makali, na ncha za vidole vyake zilikuwa na vumbi la chaki, dalili pekee kwamba alikuwa amefanya kazi siku hiyo.

"Bado tu? Kuna nini cha kuchunguza hapa? Alama ipo, mtu yupo, na maneno yake ya vitisho yalisikiwa na idara nzima."

"Maneno gani hayo?" Sajenti alifungua daftari.

"Wiki mbili zilizopita nilimjulisha kwamba mwakani tunaleta mtambo wa kujiendesha. Akasema mbele ya watu: utando wako utakatika siku nisiyokuwepo."

"Nilisema kweli," Babu Rola alijibu kutoka kwenye benchi. "Na umekatika."

"Mnamsikia!"

Inspekta aliinua mkono, si kwa ukali, kwa uchovu. "Profesa, utando huu ni wa nini hasa? Asubuhi ulinieleza dakika arobaini ubaoni, nikabaki na mstari mmoja tu kichwani."

"Mstari gani?"

"Kwamba pale mdomoni kasi ni sifuri."

Profesa alilainika kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. "Ndio msingi wa kila kitu. Mwanzo wa kipimo ni mdomoni. Pale kasi ni sifuri, halafu inaongezeka kadiri unavyokwenda mbali, sawia kabisa. Miaka thelathini nimeandika juu ya mkondo wa maji juu ya uso unaovutika. Huu utando ndio matunda yake. Unafunika majeraha ya moto, ngozi inaota chini yake bila kushikamana. Hospitali walikuwa waje kuuchukua leo kwa majaribio. Wana watu wanasubiri wodini. Na malighafi hii tuliingoja miezi minane!"

"Hizo mita thelathini na sita nzuri hazichukuliki?"

"Zimekaa nje ya beseni tangu asubuhi. Zimekauka. Takataka hizo."

"Chungu bado kina kama mita arobaini," Babu Rola alisema. "Ikifika jioni uji utaganda. Niruhusu niwashe."

"Wewe hutagusa mtambo huu tena!" Profesa akamgeukia Inspekta. "Tazama mwenyewe urefu wa alama ile. Mtu akigusa kwa bahati mbaya anaacha doa la kidole. Huyu alibonyeza akaburuta, karibu shibiri nzima. Hiyo si bahati mbaya."

Ni kweli, hilo ndilo lililokuwa limeijaza fomu. Mtaalamu wa alama za vidole kituoni alikuwa ametumiwa picha, akajibu kwa maneno mawili: imepotoka, haisomeki.

"Wakati unakatika, wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi niko kila mahali. Maabara ni yangu. Nilimkuta amesimama juu yake."

"Tutahitaji alama za vidole vya wote wenye ufunguo wa chumba hiki," Sajenti alisema, akinyanyua kidau cha wino. "Ni watatu tu. Ukianza wewe tunakuwa tumepunguza."

"Mimi ndiye mlalamikaji, bibi. Utaratibu uanze na mtuhumiwa."

Akatoka, mkono wa kulia mfukoni. Sajenti aliusindikiza mlango kwa macho.

"Huyo hata mkewe sidhani anamwita jina," alisema.

*

Inspekta aliinuka. Magoti yakalia, Sajenti akajifanya hakusikia. Alichukua lenzi, akaanza kutembea kando ya meza, mita baada ya mita. Hakuwa anatafuta kitu maalumu. Katika kazi yake alikuwa amegundua kwamba mtu akichoka sana hana nguvu ya kujidanganya, kwa hiyo huona kilichopo.

Kwenye mita ya tatu, ukingoni kabisa, kulikuwa na doa dogo la duara. Dole gumba, la ukubwa wa kawaida, lenye kovu lililolikata katikati. Mita ya sita, lingine. Mita ya tisa, lingine. Alifika ya thelathini akiwa amehesabu madole gumba kumi, yote yenye kovu, yote ukingoni, yamepangana kama nguzo za uzio.

Akarudi kwenye benchi. "Nionyeshe dole gumba lako."

Babu Rola alilitoa shingo upande. Kovu lilikuwepo.

"Asubuhi uliniambia hujawahi kuugusa utando."

"Ndivyo nilivyosema."

"Babu, ukinidanganya wewe na magoti yakinidanganya, nitasimama na nani?"

Sajenti, ambaye hakuwahi kuachiwa pipa la takataka bila kulichungulia, alikuwa ameshaingiza mkono kwenye pipa kubwa lililokuwa pembeni. Alitoa vipande virefu vya ukingo vilivyokatwa kutoka kwenye tando za siku zilizopita. Kila kipande kilikuwa na madole gumba yenye kovu, kila mita tatu.

"Huyu mzee kasaini takataka zote," alisema.

"Basi," Babu Rola alishusha pumzi. "Nausalimia."

"Unausalimia?"

"Kila dakika tatu. Hapo mwisho, karibu na rola, ukingoni. Ukikaza sana unatetemeka, ukilegea unalala. Saa za vipimo za kwenye ukuta haziniambii hilo, kidole kinaniambia. Na ukingo hukatwa wote, haumdhuru mtu. Lakini Profesa amebandika pale." Alielekeza kidevu kwenye ukuta, kwenye bango lenye herufi nyekundu: USIGUSE UTANDO. "Miaka ishirini na sita nausalimia kwa siri kama mchumba wa jirani. Nikisema nagusa, atasema si mnaona, ndiye. Nikisema sigusi, mnasema mwongo. Nikachagua la pili."

Inspekta alirudi mezani kwa lenzi. Mita ya thelathini na tatu: hakuna. Mita ya thelathini na sita: hakuna.

"Salamu mbili hazipo," alisema. "Dakika ya thelathini na tatu na ya thelathini na sita. Ulikuwa wapi?"

"Juu, ghorofa ya tatu. Profesa alikuja akaniambia Mama Pacha, yule mtafiti wa huko juu, ana fomu anataka niisaini, niende mara moja, yeye atauangalia mtambo. Nikapanda. Mama Pacha akasema hana fomu yoyote. Nikashuka. Nilipofika, umekatika."

"Kwa nini hukusema tangu asubuhi?"

"Nilimwambia askari aliyenitia pingu. Akasema niyahifadhi ya mahakamani."

Inspekta alifumba macho. Safari hii hakuwa anafikiri.

*

Chai waliyoletewa ilikuwa imepoa na kuota utando wake wenyewe. Sajenti, ambaye hakuwa na subira na chai wala na kimya, alichukua glavu ya mpira kutoka kwenye boksi, akaitandaza juu ya goti lake, akaanza kuichora kwa kalamu.

"Unafanya nini?"

"Nakuchora wewe, afande. Tazama." Alikuwa amechora uso mdogo wa duara, miwani, mdomo uliopinda chini. "Huyu ni wewe asubuhi. Na huyu," akaivuta glavu kwa mikono miwili, "ni wewe ukiambiwa kuna ngazi."

Uso ulirefuka. Miwani ikawa kama mayai, mdomo ukawa shimo refu la huzuni. Babu Rola alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi, kama mtu aliyekuta kitu mfukoni alichokisahau.

Inspekta hakucheka. Alikuwa ametoa miwani yake halisi.

"Usiiachie."

"Mkono utakufa ganzi."

"Ishikilie hivyo hivyo." Aliinamisha kichwa juu ya glavu, halafu akaenda kwenye mita ya thelathini na saba, akarudi, akaenda tena. Sajenti alihesabu safari nne bila mtu kulalamika juu ya magoti.

"Ukichora mtu halafu ukapitisha kidole juu ya wino mbichi, unapata nini?"

"Uchafu."

"Mistari inafutana. Sasa hapa," aligonga meza kwa kucha, "mistari haijafutana. Kila mmoja upo, safi, isipokuwa umeachana na mwenzake. Upana ni wa kidole cha kawaida. Urefu ndio umezidi. Huyu hakuburuta kidole, Sajenti. Huyu aligusa mara moja, akatoa. Utando ndio uliomrefusha."

Sajenti aliiachia glavu, ikampiga kwenye kidole. "Yaani aligusa kabla haujavutwa."

"Babu, ncha ya kidole ina urefu gani? Sentimita tatu?"

"Hivi hivi."

"Na sentimita moja ya mdomoni ni ngapi kwenye rola?"

Babu Rola alikuwa ameshasimama. "Tano," alisema polepole. "Tatu mara tano ni kumi na tano. Aligusa pale pale mdomoni." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, mshangao wa fundi. "Lakini nani mwenye akili zake anagusa mdomoni? Pale utando ni kama kidonda kibichi. Hata panya hagusi pale."

"Sajenti, kamlete huyo Mama Pacha."

"Juu? Ghorofa ya tatu?"

"Wewe una magoti mapya."

*

Mama Pacha alikuwa mtafiti wa hesabu, mama wa mapacha wa miezi mitano, na alishuka na kompyuta kwapani akiwa amevaa khanga juu ya sketi na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Alimwamkia kila mtu, akaketi bila kukaribishwa.

"Kama mnanikamata, nifungieni chumba chenye kitanda," alisema. "Sijalala tangu wazaliwe."

"Babu Rola alikuja kwako asubuhi?"

"Alikuja anahema, anadai nina fomu yake. Nikamwambia sina. Nikampa kiti apumzike, akakataa, anasema mtambo uko peke yake na mtu asiyeujua. Akashuka. Wala sikutazama saa, nilikuwa ndani ya mlinganyo."

"Nilisema hivyo kweli," Babu Rola alinong'ona. "Samahani, mwanangu, Profesa asisikie."

Inspekta alimpa picha ya ile alama. "Unaweza kuibana hii? Urefu ugawanye kwa tano, upana usiuguse."

"Hilo hata pacha mmoja anaweza." Alipiga vitufe viwili vitatu. Kwenye kioo, kile kitu kirefu kama bamia kikajikusanya, kikajikusanya, hadi kikawa dole gumba la binadamu. Mistari yake ilizunguka katikati, duara ndani ya duara, kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Kovu halikuwepo.

Babu Rola alilitazama dole lake, akalitazama lile la kwenye kioo, akalifuta lake kwenye ovaroli kana kwamba lilikuwa limechafuka siku nzima na sasa limesafishika.

"Na mimi?" Mama Pacha alinyoosha mkono mwenyewe. Sajenti alilipaka dole lake wino, akalibandika kwenye karatasi. Mistari yake haikuzunguka, ilipinda upande mmoja ikarudi ilikotoka, kama kiwiko.

"Ufunguo ni wa watu watatu," Sajenti alisema. "Wawili tumeshawaona."

"Nisaidie jambo moja la mwisho, mama," Inspekta alimwambia Mama Pacha. "Pale mdomoni, kasi ni sifuri?"

"Kwenye karatasi, ndiyo. Hesabu inakuwa rahisi." Alipiga miayo. "Mtambo hauko hivyo. Kama kasi ingekuwa sifuri, uji ungetokaje? Unatoka pole pole, lakini unatoka. Mimi mwaka wa kwanza niliamini kabisa kwamba pale umesimama. Babu Rola ndiye aliyenikamata mkono nikitaka kugusa." Macho yake yalifunguka yote mawili, kwa mara ya kwanza. "Eeh. Yeye hakuna aliyewahi kumkamata mkono."

*

Saa tisa na robo Profesa aliitwa. Alikuta watu wanne wamekaa kimya na glavu ya mpira imelazwa mezani, imechorwa uso.

"Kaa, Profesa," Inspekta alisema. "Sitakuchosha. Mimi mwenyewe sina hizo nguvu."

Alichukua glavu, akaivuta. Uso ukarefuka. Akaiachia, ukarudi. Akaivuta tena. Hakueleza kitu. Profesa aliutazama uso ule ukienda na kurudi, na kitu fulani kikaanza kulegea kuzunguka mdomo wake.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Tano."

"Tano," Profesa alirudia. Alikuwa anapiga hesabu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaacha. "Haiwezekani. Kitu kilichoguswa mwanzoni kinabaki mwanzoni. Pale kasi ni sifuri."

"Kwenye karatasi," Mama Pacha alisema, kwa upole kuliko alivyokusudia.

Feni ya darini ilizunguka. Profesa alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani, kiganja juu. Sajenti hakungoja aambiwe. Alilipaka dole gumba wino, akalibandika kwenye karatasi. Duara ndani ya duara.

"Ulimtuma Babu juu ili ubaki peke yako," Inspekta alisema.

"Dakika moja tu nilitaka." Sauti yake ilikuwa imeshuka hata haikumfaa. "Miaka thelathini naandika juu ya kitu hiki, na sijawahi kukigusa. Wageni wakija nawaonyesha kwa fimbo. Huyu mzee anakigusa kila siku, mnadhani sikujua? Nimebandika lile bango kwa wivu. Nikasema leo utando wa hospitali, mtambo mwenyewe unaondoka mwakani, niguse mara moja, mahali ambapo hakuna madhara. Mahali penye sifuri."

"Ulipoiona alama asubuhi, ulijua?"

Profesa aliivuta karatasi ya alama karibu yake.

"Nilijiambia haiwezi kuwa yangu. Ya kwangu ingebaki mdomoni. Halafu nikiwa ubaoni na wewe, nilianza kupiga hesabu upya, nikiweka kasi ndogo pale mwanzo badala ya sifuri. Nikaiacha kabla haijafika mwisho."

"Ukaja kunihimiza nisaini."

"Nikaja kukuhimiza."

Inspekta aliichukua fomu kutoka kwenye paja, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake, herufi kubwa za mtu anayetaka kumaliza. "Nimechoka mno kukufunga leo. Lakini nitaandika kila kitu, na wewe utasaini, hata lile la hesabu uliyoiacha. Mkubwa wangu ataamua kama walioleta taarifa ya uongo wanafungwa. Na hilo la kumwambia mzee, sikuandikii. Hilo utalisema kwa mdomo wako."

Profesa aligeuka kwenye kiti. Babu Rola hakuwa kwenye benchi. Alikuwa kwenye chungu, amefunua kifuniko, anakoroga uji kwa mti mrefu.

"Babu," Profesa alianza. "Nime..."

"Haujaganda," Babu Rola alisema bila kugeuka. "Umebakiza saa moja. Wapigie hospitali waje saa kumi na moja na nusu. Mama Pacha, nitazamie joto hapo. Na wewe," sasa aligeuka, "miaka yote hiyo, ungeniuliza tu."

"Nikuulize nini?"

"Mita ya kwanza huwa tunaitupa. Kila siku. Ni ya kuanzia tu, kuupitisha utando mpaka rola iushike. Ungekuja ukaniambia Babu, nataka kugusa, ningekugusisha mita ya kwanza kila asubuhi mpaka uchoke."

Nje honi ililia mara mbili. Sajenti alikunja daftari, akaenda mlangoni. Walimsikia akimwambia dereva kwamba mzigo umeghairi safari, na dereva akiuliza kama anadhani petroli inachotwa kisimani.

Mtambo ulinguruma, ukatulia. Maji ya kijivu yalianza kutikisika kwenye beseni. Pale mdomoni ukatokea ukingo mweupe, mzito, usio na haraka.

"Njoo," Babu Rola alisema.

Profesa alipaona ni mbali, ingawa zilikuwa hatua nne. Alikunja mkono wa shati lake lenye makali. Wino haukuwa umetoka kwenye dole lake.

"Weka. Usibonyeze."

Akaweka. Inspekta, aliyekuwa ameanza kuvaa koti, alisimama na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Dole lilikaa pale, juu ya kile kitu cheupe, kwenye mwanzo wa mambo yote. Halafu, kidogo kidogo, kama anayevutwa na mtoto aliyelala, mkono wa Profesa ukaanza kwenda.

"Unakwenda," alisema.

"Unakwenda, ndiyo," Babu Rola alijibu, akachukua mkasi. "Sasa toa kidole. Kuna watu wana vidonda, wanasubiri."